Pindo za Kengele

Soli, fundi viatu, hakuwahi kuandika vipimo vya wateja. Kila akipima mguu, alitumbukiza kifungo kimoja kwenye chupa ya namba ya mguu huo. Chupa zilipangwa rafuni, thelathini na sita hadi arobaini na tisa. Vifungo vilipanda taratibu, vikajaa pale arobaini na mbili, vikashuka tena.

Alipopewa kazi ya kushona jozi mia tatu za buti za kiwanda, msimamizi alimwambia bila kupepesa macho, "Mashine hazisimami ili tupimane miguu. Lakini mtu mmoja akibaki pekupeku siku ya kugawa, mwakani sikujui."

Binti yake, aliyekuwa akisoma takwimu chuoni, akamletea karatasi yenye mlima laini.

"Baba, huu mchoro wa kengele. Nikishajua wastani na mtawanyiko, kanuni ya Gauss, yule mwanahisabati, inanipa idadi ya kila namba. Arobaini na nane na tisa usikate kabisa."

Soli, mtu wa maneno ya kuhesabika, akakuna kisogo. "Na hawa je?" Akamwaga mezani chupa mbili za mwisho. Vifungo kumi na tisa.

"Kati ya vingapi?"

"Elfu tatu na ushei."

Binti akapiga hesabu, akafuta, akapiga tena. Kwa Gauss, katika elfu tatu hakutarajiwa hata mmoja.

"Kwa hiyo chupa zangu si kengele?"

"Ni kengele, baba. Katikati zimenona, pembeni zinateremka. Ila Gauss ni kengele ya aina moja tu, pindo zake hukonda upesi. Zako ni nene. Mimi nimeona umbo, nikadhani nimemjua mwenyewe."

"Ndiyo shida ya kumsalimia mtu kwa kumwona mgongo," Soli akasema, wakacheka. Akakata jozi mbili za nane, mbili za tisa.

Siku ya kugawa alijibanza nyuma ya maboksi. Wa mwisho alikuja mlinzi wa geti, miguu kama mito ya kulalia, viatu vyake vya zamani kavichana mbele ili vidole vipumue. Msimamizi akamgeukia Soli. Mlinzi akavaa arobaini na tisa. Ikaingia.

"Fundi, mimi umenipima lini?"

"Sijakupima," Soli akasema, macho chini. "Nilipima wenzio."

Aliporudi, kabla hata ya kuvua koti, akatumbukiza kifungo kwenye chupa ya mwisho.