Robota la Safari ya Meli

Ukiuliza pale Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ni nani anayejua kufunga mzigo, utaelekezwa kwa Clotilda, muuza ndoo na mabeseni ya jumla, ambaye wengi wanamwita Mama Eli. Kwa miaka ishirini na mbili amewafungia wateja wa Songea, Sumbawanga na Kigoma, na anaapa kuwa hakuna hata beseni moja lililofika na ufa. Anapanga, anafunika kwa mifuko ya salfeti, anashona mdomo kwa shazia na uzi wa katani, kisha anaandika jina kwa maka peni, herufi kubwa kama za bango la mkutano.

Ana kanuni moja ambayo hajawahi kuivunja. Kitu cha thamani kinakaa katikati ya robota. Kariakoo ndiyo iliyomfundisha, maana pale mtu anaweza kuchaniwa mkoba kwa wembe huku anasalimiwa.

Kwa hiyo Desemba hii, alipoanza kufunga mzigo wa familia yake mwenyewe, alifunga vile vile.

Ilikuwa safari ya meli, siku nne, Unguja na Pemba, mnakula na kulala humo humo. Kila Krismasi ndugu zao wote hupanda kwenda Rombo, na hapo zamani nao walikuwa wakipanda. Lakini binti yao, Brightness, ana pumu. Alipokuwa na miaka sita baridi ya mlimani ilimbana vibaya, ikabidi ateremshwe Moshi mjini alfajiri kwa gari la jirani. Tangu hapo baba yake, Tarsis, huenda Rombo na Elibariki, mtoto wa kwanza, na Clotilda hubaki Magomeni na Brightness, wakionyeshwa mbuzi wa kuchoma kwenye simu. Krismasi nne zilipita hivyo. Mwaka huu Clotilda alisema basi. Kama mlima haumtaki mtoto, wote wanne watakwenda kwenye joto.

Tarsis, dereva wa lori, alikubali kwa shingo upande.

"Lori likizima njiani nashuka," alisema. "Meli nitashukia wapi?"

Akaweka sharti. Siku moja kabla ya kuondoka angekagua maandalizi kama anavyokagua lori lake, na asiporidhika, Brightness angebaki Buguruni kwa shangazi yake. Mtoto alisikia. Tangu siku hiyo alimganda mama yake dukani. "Mama, tumefunga vizuri?"

Walifunga. Kurunzi nne, bandeji, dawa ya kuharisha, dawa ya kichefuchefu, biskuti katoni nzima, nakala za vyeti vya kuzaliwa kwenye nailoni isiyopitisha maji. Filimbi dazeni moja kwa watu wanne, kwa sababu Clotilda hajui kununua kitu kimoja kimoja. Na pampu za Brightness za kuvutia dawa ya pumu, zote tatu, zikiwa zimeviringishwa kwenye taulo, ndani ya sufuria, ndani ya ndoo, katikati kabisa. Akashona mara mbili.

Siku ya ukaguzi, kabla Tarsis hajafika, aliingia Geeta, mke wa Natvarlal, mwenye duka la vitambaa lililo jirani. Yeye na mumewe walishasafiri kwa meli ya namna hiyo.

"Shikamoo, Mama Jaimin," alisema Brightness.

"Marahaba, mwanangu." Geeta alilizunguka lile robota. "Mama Eli, unasafiri au unapeleka mzigo Tunduma?"

"Cheka tu. Mzigo wangu haujawahi kupotea."

"Hautapotea. Mizigo mikubwa wanaishusha chini tumboni mwa meli, wanafunga mlango mpaka mfike. Pampu ya mtoto iko wapi?"

"Mahali salama."

"Salama wapi?"

Clotilda aligusa robota katikati, kwa fahari kidogo.

Geeta alitoa simu. "Haya. Brightness amebanwa. Nahesabu dakika. Itoe."

"Mama Jaimin, acha utani."

"Sekunde kumi na mbili sasa."

Clotilda akashika mkasi. Uzi wa katani aliousifia maisha yake yote ulimgomea. Akakata, akachana, akatoa kurunzi, akatoa filimbi, akazama mpaka mabegani. Brightness, aliyelala juu ya mabeseni akikoroma kwa kujifanya mgonjwa, alichoka kungoja, akaokota pakiti ya biskuti za dharura na kuanza kula.

"Ipo!" Clotilda aliinua taulo juu, kitambaa cha kichwa kimemwangukia shingoni.

"Dakika tisa na nusu," alisema Geeta.

"Nimeziona zote," ilisema sauti mlangoni. Alikuwa Tarsis, na hakucheka. "Mtoto atabaki."

Brightness aliacha kutafuna.

Clotilda alikaa juu ya ndoo. Aliikumbuka ile alfajiri ya Rombo, na kifua cha mwanawe kilivyokuwa kikipanda na kushuka. Miaka yote hii alikuwa akifunga mizigo ili mikono ya watu isifike ndani. Sasa mkono pekee uliotakiwa kufika ulikuwa huu mdogo, wenye makombo ya biskuti.

Akafungua kimkoba anachovaa kiunoni akiwa dukani, akamwaga funguo mezani, akatia pampu moja ndani na kumfunga binti yake. Mkanda ulikuwa mrefu, ukamzunguka mara mbili. Pampu ya pili akaitumbukiza kifuani kwake mwenyewe. Ya tatu akampa mumewe.

"Hii yako, Baba Eli. Haitoki mfukoni mpaka turudi."

Tarsis aliigeuza geuza. Mara, bila kuonya, akasema, "Haya!"

Zipu ikalia. Pampu ilikuwa mdomoni mwa Brightness kabla Geeta hajaiwasha saa.

Alimjaribu mara tatu zaidi: akiwa amesimama, akiwa amelala, akiwa amefumba macho. Hata mara moja hakushindwa. Ndipo baba mtu akachuchumaa mbele yake na kusema kwa sauti ya chini, "Nionyeshe inavyotumika. Siku zote anakupa mama yako."

"Unaitikisa kwanza, baba. Siyo hivyo, utaidondosha! Halafu mimi natoa pumzi yote, wewe unabonyeza."

Alijifunza. Kisha akasimama, akampigia simu dada yake aliyeko Buguruni.

"Usimngoje Brightness. Tunaenda naye."

Dada mtu alipiga kelele mpaka wote wakasikia: baharini, na kifua kile, wamechanganyikiwa? Tarsis aliiondoa simu sikioni, akampa mtoto.

"Shikamoo shangazi," alisema Brightness huku akivuta kurunzi kwa mguu. "Siwezi kuongea sana. Tunafunga upya."