Ngozi Niliyoikana

Kwaru, kwaru. Sauti hiyo ilipita juu ya maneno ya kila mkulima niliyemhoji kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na kwa siku mbili niliamini kwamba kinasa sauti kimeharibika. Nilibadilisha betri. Katika rekodi ya tatu, mama mmoja wa Wenje alikatiza maelezo yake kuhusu mafuriko: "Mwanangu, wacha kujikuna, utatoka damu." Ndipo nilipotambua kwamba zilikuwa kucha zangu.

Mabaka yalikuwa viwikoni na kichwani: mekundu, yenye magamba meupe yaliyopukutikia daftari. Nikafanya kosa la mtu aliyesoma: nikajitibu. Nilinunua mafuta makali dukani Garsen bila kumwona daktari. Ngozi ikatulia; nilipoacha kupaka, mabaka yakarudi hadi mgongoni. Nikaacha samaki, nikaacha nyanya, nikachora jedwali la kila nilichokula. Halikuthibitisha lolote, isipokuwa kwamba nilizidi kuwashwa kila nilipokuwa na wasiwasi, na jedwali lenyewe lilinitia wasiwasi.

Kisha asubuhi moja vidole vya mkono wa kulia vilivimba, nikashindwa kushika kalamu.

"Ugonjwa huu hauambukizi," daktari wa zahanati aliniambia, "wala hauponi kabisa, hutunzwa. Ngozi, viungo, usingizi, mawazo, vyote kwa pamoja. Ila usichelewe kuvitibu vidole, vitapinda. Kwenu kuna mwenye ngozi hii?"

"Hakuna."

Akaandika hivyo.

Alikuwepo shangazi yangu wa Kau. Utotoni, kwa kuogopa magamba yake, tulimtengea kikombe chake, na mimi ndiye niliyekisugua kwa jivu, nikikishika kwa kitambaa. Vidole vyake vilipinda kama ndoana. Jamaa walisema ni jembe la mashamba ya mpunga. Tangu nijiunge na chuo kikuu sikuwahi kumpigia simu.

Niliketi kwenye benchi nje ya zahanati nikitunga sentensi ya kwanza, nikiifuta, nikiitunga upya. Hakuna iliyofaa. Nikapiga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nani? Aa, msomi! Leo umekosa watu wa kuwapigia?"

"Shangazi, naomba kukuuliza. Vidole vyako vilianza kupinda kabla ya magamba, au baada?"



"Baada," alisema, na kejeli ilikuwa imemtoka. "Vyako vimefika vingapi?"