Chozi wa Jikoni kwa Jirani

Baba alipofunguliwa macho, mtu wa kwanza kumwona alikuwa mimi, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, kumbe na wewe umezeeka hivi?"

Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Alikuwa amekuja kutoka nyumbani, magharibi, kutolewa mtoto wa jicho katika hospitali moja ya Hurlingham, na kwa muda mrefu kabla ya hapo mimi kwake nilikuwa kivuli chenye sauti. Muuguzi alicheka hadi akageukia ukuta. Mimi nilimshika baba mkono nikamrudisha kwangu Mountain View, nikijipapasa uso njiani.

Daktari alisema apumzike. Baba hakupumzika. Alianza kwa kukagua nyumba: utando wa buibui juu ya kabati, ufa kwenye dari, sufuria ambayo nilikuwa nimejiaminisha kwamba ni safi. Aliponimaliza mimi, alipanda kibarazani ghorofani, na huko akakutana na ndege.

Ulikuwa mwezi wa tisa. Ile baridi ya kijivu ilikuwa imetuaga, jua linawaka tangu asubuhi, jakaranda zimeanza kuchanua, na ndege wanapiga kelele kama watu waliotoka likizo. Baba alifundisha Kiswahili shule ya msingi maisha yake yote ya kazi, kwa hiyo hakuweza kumwona kiumbe akamwacha apite bila jina. "Yule ni mnana. Yule ni kwarara, sikia anavyolia, kama mtu anayeburuta bati." Kaka yangu, kwa nia njema kabisa, akamnunulia darubini mjini. Toka siku hiyo sikuwa na baba tena, nilikuwa na mlinzi wa mpakani. Nikiondoka kwenda kazini namwacha kibarazani, amevaa kofia ya sufu, shati limefungwa vifungo hadi kooni, miwani nyeusi ya hospitali ameipandisha kwenye paji la uso, na darubini ameielekeza upande wa nyumba za watu. Nikirudi jioni namkuta vile vile.

Nilikuwa kwenye mkutano ofisini Westlands ujumbe ulipoingia katika kundi la WhatsApp la mtaa wetu. "Majirani, kuna mzee wa kofia anachungulia watu na darubini. Tuwe macho." Mwingine akajibu, "Hata mimi nimemwona. Anaandika?" Wa tatu akauliza, "Ni mzee wa nani huyo?" Niliifunika simu kifudifudi juu ya meza nikaendelea kusikiliza habari za bajeti, masikio yakiwaka moto.

Ijumaa jioni kengele ya geti ililia. Alikuwa jirani yetu wa nyuma, mjane wa Kalasinga aliyeuza vitambaa mjini mpaka magoti yakamkataa. Huniita beti, yaani binti. Jioni hiyo hakuniita beti.

"Wapi huyo mzee yako?" aliuliza. "Nataka kumwuliza kitu moja tu."

Baba alishuka ngazi polepole, darubini shingoni. Ushahidi wote ulikuwa unaning'inia kifuani pake.

"Mzee, wewe unaangalia nini jikoni kwangu kila siku?"

"Mama, mimi sina haja na jiko lako," baba akamjibu kwa heshima zote. "Nina haja na mwanamke anayekaa hapo juu ya dirisha."

Nilifumba macho.

"Mwanamke gani? Mimi nakaa peke yangu!"

"Yuko. Mdogo, mwembamba, amevaa rangi ya vumbi. Mume wake ndiye anayemeremeta, lakini kazi yote anafanya yeye. Mume anakuja, anaimba kidogo, anaenda zake."

Jirani alinitazama mimi, kana kwamba ananiuliza kama hospitali ilimfanyia macho au kichwa. Nikamwambia, "Auntie, ni ndege. Baba anaangalia ndege."

"Chozi," baba akasema.

"Chozi? Nani amelia?"

"Ndege anaitwa chozi, mama. Yule wa mdomo kama sindano iliyopinda, anayefyonza maua."

Ilibidi apande kibarazani aone mwenyewe. Alipanda akishika reli na kulalamikia kila ngazi. Baba alimvika darubini, akamwelekeza kidogo kushoto, kidogo juu, hapo kwenye waya wa taa. Yule mama aliikaza darubini machoni.

"Hiyo takataka?" alisema mwishowe. "Mimi nimeona hiyo takataka kila siku. Kesho nilikuwa natoa na ufagio."

"Hiyo ndiyo nyumba yake."

"Chafu namna hiyo?" Kisha akashtuka, akashika mkono wa baba. "Ametoa kichwa! Mzee, ametoa kichwa, ananiangalia!"

"Sasa unaona," baba akasema, "nani anachungulia nani."

Usiku huo kundi la WhatsApp lilipata ujumbe kutoka kwa jirani yetu, wote kwa herufi kubwa: MZEE NI MZURI. NI MAMBO YA NDEGE. MSIGUSE WAYA ZA NYUMA. Watu hawakuelewa, lakini walikoma.

Kwa furaha ya kuepuka aibu, nikafanya jambo ambalo sikulifikiria vizuri: niliwaalika wote wawili kwenye matembezi ya ndege kesho yake. Kuna kikundi cha watu hukutana Jumamosi asubuhi kwenye msitu wa Arboretamu, karibu na katikati ya jiji. Watu wapole, wenye suruali za mifuko mingi, wanaotembea kwa kunyata na kunong'ona.

Baba alikuja amevaa suti na tai. Jirani alikuja na raba nyeupe, mwavuli, na kopo la bati lililojaa bhajia. Kiongozi wa kikundi, msichana mwenye kofia pana na sauti laini kama pamba, alituomba tuongee polepole ili tusiwafukuze ndege.

"Anasema nini?" jirani akauliza. Sikio lake moja halisikii vizuri.

"ANASEMA TUNYAMAZE!" baba akamfafanulia.

Kundi zima la njiwa likaondoka mtini.

Hali iliendelea hivyo. Kila msichana alipoinua kidole kutuonyesha kitu, baba alikitaja kwa jina la Kiswahili na matamshi ya darasani, jirani akataka arudie, akarudia, na kitu chenyewe kikawa kimeshafika mtaa wa Kileleshwa. Wale wa suruali za mifuko walianza kutembea mbele yetu kwa haraka iliyozidi ya matembezi. Mimi nilibaki katikati, nikiwatabasamia wa mbele na kuwakazia macho wa nyuma.

Ndipo baba akasimama ghafla. "Bundi," alisema, na safari hii alinong'ona.

Juu, kwenye panda la mti mkubwa, kulikuwa na kitu cha kahawia, cha mviringo, kimetulia. Msichana alirudi akakitazama. Wengine nao wakarudi. Darubini zote zikainuka.

"Ni paka," jirani alisema.

"Ni bundi. Amelala, ndiyo maana huoni uso."

"Mzee, paka. Mimi nimefuga paka."

Msichana alikuwa amefungua kitabu chenye picha. Alisema kwa uangalifu kwamba huenda ni bundi, tena huenda si wa kawaida hapa, manyoya yale marefu yanamshangaza kidogo. Watu walipiga picha. Bwana mmoja alilala chali kwenye majani ili apate pembe nzuri. Baba alirekebisha tai yake.

Kisha kima akashuka kwenye tawi, akamfikia bundi, akamshika kichwani na kumnyanyua. Bundi alifunguka akawa nywele ndefu, zenye mawimbi, zinazong'aa juani. Lilikuwa wigi. Kima alilitikisa, akalinusa, akalivaa kichwani upande upande, akatutazama sote chini pale na darubini zetu.

Wa kwanza kucheka alikuwa yule msichana wa sauti laini, na kicheko chake hakikuwa laini hata kidogo. Akaketi chini. Bwana aliyelala chali akashindwa kuinuka. Jirani alicheka huku akimpiga baba begani, na baba, aliyejaribu kuweka uso wa mwalimu kwa muda, alishindwa, akavua miwani, akafuta macho yake mapya kwa leso. Nilitaka kumwambia daktari amekataza kuyasugua, lakini nilikuwa sina pumzi.

Baada ya hapo hakuna aliyenong'ona tena. Tulikaa kwenye majani, kopo likafunguliwa, na wote tukala bhajia juani, huku watu wakigombana kama lilikuwa wigi la sherehe au la kila siku.

Mchana nikaita teksi. Westlands foleni ilitushika, hakuna kinachosogea. Baba alikuwa amekaa mbele. Alishusha kioo, akaanza kusoma kwa sauti kila kibao alichokiona. "Mikopo bila dhamana. Tunauza matairi. Meno meupe kwa siku moja." Dereva alinitazama kwenye kioo. Jirani, aliyekuwa nyuma pamoja nami, aliinama mbele.

"Soma ile ya juu, mzee," alimwambia. "Ile ndogo. Mimi sioni."

Akakisoma. Akasoma na kilichofuata, na kingine baada yake, kando ya Waiyaki Way yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia aache.