Siku Mama Aliyoambiwa Wageni Watajipikia

Juzi, ufukweni mwa ziwa huko Nchelenge, niliona nyumba mpya za likizo za matajiri, zenye kibao: "Mgeni anajipikia." Nikamkumbuka mama, aliyekuwa mpishi wa nyumba kama hizo.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, nilikuwa naye jikoni, samaki wakichacharika katika mafuta, bosi alipoingia.

"Mama Chanda, kuanzia kesho bageni batajipikia benyewe."

Nikaruka kwa furaha. "Mama, sasa utapumuzika!"

Mama alivua aproni, akaikunja polepole.

Wiki ile alipanda mtumbwi kwenda kisiwani Kilwa, humohumo ziwani, kutafuta ujira wa kukausha samaki wa watu, akaniacha kwa bibi. Nilimpungia mkono nikicheka, nikidhani ndiyo mapumziko yenyewe. Nilimsubiri miaka minne.