Vidonge vya Rangi Mbili

Mimi sina subira, na miaka ya tisini kule Dandora tabia hiyo ilinitia aibu ambayo bado ninayo. Ploti yetu nzima ya vyumba vya kupanga iliugua majipu. Leo jipu liko kwapani mwa mtoto wa jirani, kesho liko shingoni mwa mamake. Tulichangia beseni, taulo na wembe wa kunyoa watoto, halafu tukasingizia moshi wa jaa la taka.

Daktari wa ploti nilikuwa mimi. Nilinunua vidonge vya rangi mbili dukani, kidogo kidogo, nikavifungua kwa kucha na kumwaga unga juu ya kidonda. Viwili vingine mgonjwa alivimeza. Uvimbe ukinywea nilisema basi, vilivyosalia namwekea mwingine. Nilijiona mjanja kweli.

Kisha dadangu mdogo, aliyekuwa akishona mashati kiwandani na kuishi chumba cha pili kutoka kwangu, akaota jipu begani. Nilimpa vidonge, likanywea, likarudi. Nikampa tena. Siku ya tano mkono ulikuwa umevimba hadi kiwiko na mwili unawaka moto.

"Sista, twende hosi," aliniomba asubuhi.

"Ngoja kidogo, dawa ishike."

Mimi nisiyeweza kungoja hata chai ipoe! Tulienda hospitali kesho yake, akiwa hawezi kusimama.

Wodini sikukaa. Nilizunguka kitanda, nikatoka, nikarudi, nikamnunia kila muuguzi aliyepita. Walikuwa wamempasua na kupeleka usaha maabara. Daktari alirudi na karatasi, akasema dawa tuliyoizoea haimuui tena mdudu huyu. Ingebidi sindano nyingine, kali zaidi.

"Nani amekuwa akimpa dawa nusunusu?"

Nilifungua mdomo nianze habari za moshi. Dadangu akanitangulia, macho yake yakiwa darini.

"Ni huyu."

Sindano zilimponya, ila bega lilibaki gumu, na kiwandani wakamwandika mtu mwingine. Nilimwomba msamaha. Akasema yameisha, nami kwa pupa yangu nikaamini.

Mwaka uliofuata dadangu alijifungua mtoto wake wa kwanza, na siku moja mtoto huyo akapata homa. Nilimwona akimfunga mgongoni kwa shida, mkono mmoja ukikataa. Alipita mlangoni kwangu, uliokuwa wazi, bila kugeuza shingo, akaenda kliniki.