Siku Baba Aliponunua Tukutuku ya Fundi Athumani

Wenzangu mliozaliwa mlimani wakati wa Mwingereza, tuliochota maji ya mfongo, ule mfereji unaoshuka kutoka msituni, mtanielewa nikisema kwamba pikipiki ilikuwa kitu! Watoto wa siku hizi inawapita hata shingo hawageuzi. Sisi ikisikika moja tu inapanda Kibosho, tunaacha rede, tunaacha kuchuma kahawa, tunakimbilia barabarani: mimi, Sesilia wa Mama Yuditha, Filomena, Krispini kichwa kikubwa na dada yake Apolonia. "Tukutuku! Tukutuku!" Ndivyo tulivyoiita, kwa mlio wake. Ikishapita tunabaki tunavuta ule moshi kama harufu ya ndizi za kuchoma.

Mimi shule niliishia la pili, lakini siku baba alipokwenda kununua yake ninayo yote kichwani. Baba yangu, Aloisi, alikuwa katekista. Alifundisha dini vigango vitatu, yale makanisa madogo ya vijijini, kwa miguu, akirudi jioni matope magotini, na miguu ilianza kumkataa. Mwaka huo kahawa ilikubali. Akasikia kwamba Athumani, fundi wa mjini Moshi jirani na stesheni ya reli, anauza pikipiki yake ya siku nyingi. Mama akapika mbege, pombe yetu ya ndizi, maana kwetu hata ukinunua ng'ombe, bado hujanunua mpaka wewe na mwenye mali mmekunywa kwenye kata moja. Kibuyu nikabebeshwa mimi, kichwani, kutoka Kibosho hadi mjini, kwa ahadi kwamba kurudi nitapakiwa. Njia nzima niliota upepo tu.

Tulipofika nilimwamkia fundi shikamoo, nikasimama na kibuyu changu. Baba akaizunguka ile pikipiki kama mtu aliye mnadani. Akakibonyeza kiti, akainama kuitazama tumboni, akainusa. Fundi akaipiga teke ikanguruma, kuku wa Bi Zuhura mkewe wakarukia ukutani. Bei wakapatana. Ndipo baba akaniashiria nitue kibuyu.

Fundi akarudi nyuma hatua moja. "Bwana Aloisi, unisamehe. Mimi Mwislamu, hicho sikigusi."

"Onja tu, ndugu yangu."

"Hata ncha ya ulimi."

Baba akazirudisha hela ndani ya koti. "Basi sijui tutafanyaje. Tusipokunywa pamoja nitakuwa nimeichukua tu, kama mwizi."

Pale kwenye benchi alikuwepo Saidi, mkulima wa mpunga kutoka Kahe, anasubiri baiskeli yake izibwe pancha. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Fundi, hawa wa mlimani wamekuja kununua pikipiki au kuposa? Kama hataki, nipe mimi. Hela ninazo, wala simnyweshi mtu!"

Moyo wangu! Nilimtazama baba, nikamwona anarudi vigangoni kwa miguu mpaka uzeeni. Nikajiona na mimi napanda mlima na kibuyu kichwani, na Krispini amekaa njiani ananingoja anicheke. Lakini baba alikuwa ameshafunga vifungo vya koti, na akishakataa baba, hata paroko alikuwa hamsogezi.

Bi Zuhura alikuwa mlangoni anachambua mchele. Akaweka ungo chini. "Shemeji, nikuulize. Kwenu kinachofunga maneno ni pombe, au ni kunywa pamoja?"

Baba akafikiri kikatekista, macho juu. "Ni kunywa pamoja."

"Basi kaeni, mmenichosha."

Akaleta uji wa mchele, wa nazi na hiliki, bakuli moja. Wanaume wawili wazima wakapokezana, wakaungua ndimi, wakacheka. Na kabla hajameza, baba akadondosha tone chini kwa ajili ya mababu, katekista mzima! Kisha akanikazia macho nisije nikasema nyumbani. Leo ndiyo nasema. Saidi naye alipewa bakuli lake, akaziba mdomo.

Fundi akamfundisha baba kuendesha kwenye uwanja wa stesheni mpaka jua likainama, ndipo tukapanda, kibuyu katikati yetu. Kila shimo, mbege ikaruka mgongoni kwake. Kilima cha kanisani nilishuka nikasukuma, lakini tulifika na watoto wote nyuma yetu, Krispini mbele ya wote. Mama akatoka, akanusa.

"Yesu na Maria! Aloisi, umelewa, na mtoto umempakia!"

"Mama Rosalia, mimi nimekunywa uji."

Nani angemwamini?

Tangu hapo Noeli ilikuwa haipiti bila Bi Zuhura kupanda na watoto wake, nasi Idi tulishuka kula pilau. Siku tunamzika baba, fundi Athumani alikaa mbele na wajomba zangu, na hakuna aliyemuuliza amekaaje pale.

Mwaka jana mjukuu wangu Gaudensi alinunua pikipiki iliyotumika, kutoka Holili, kwa simu. Hela zilikwenda kwa simu, pikipiki ikaja juu ya lori. Nikamuuliza, "Aliyekuuzia anaitwa nani?" Akaitazama simu, akaizungusha. "Bibi, hapa ameandika tu Muuzaji." Inapanda vizuri, nakubali, haijasukumwa hata siku moja. Ila nilipoiona imeegeshwa uani nilisikitika kidogo. Imekuja peke yake, haikuja na watu.