Kasuku wa Shangazi Nekesa

Chumba cha Shangazi Nekesa kule Kariobangi kilinukia mafuta ya taa na maganda ya njugu, na dirisha lake moja halikufunguliwa kamwe. Nilipelekwa kukaa naye likizo moja ndefu miaka ya tisini, muda mfupi baada ya kumzika mumewe, fundi wa reli. Tangu matanga yaishe hakutoka ila kwenda chooni na bombani. Hata maandazi aliyouza sokoni alikuwa ameyaacha. Aliyebaki naye ni kasuku wa kijivu, Sajini, ambaye marehemu alimlea tangu akiwa kinda. Kila jioni ndege yule aliita kwa sauti ya marehemu hasa, nzito, yenye kikohozi kidogo mwishoni: "Nekesa, fungua." Mara ya kwanza nilijificha nyuma ya pazia. Shangazi aliitikia tu, kama mke anayeitwa. Alimficha Sajini ndani kwa kuogopa wezi na paka, na zaidi kwa kuogopa majirani wasije wakasema amefuga mzimu.

Kisha Sajini akadhoofika. Alitetemeka, vidole vikashindwa kushika kijiti, na asubuhi moja tulimkuta ameanguka chini ndani ya kizimba, mabawa yametawanyika. Shangazi alimkunja ndani ya leso yake akalia kama siku ya mazishi. Mama yangu alipopata habari akamleta daktari wa mifugo tuliyesali naye kanisa moja. Daktari alimpapasa ndege, akauliza kama hupata jua. Shangazi akaonyesha kizimba kilivyowekwa karibu na dirisha. Daktari akamweleza kwa upole kwamba kioo hupitisha mwanga, lakini huzuia ile miale inayousaidia mwili kujenga mifupa, na balbu ya chumbani haina miale hiyo. Aliacha dawa ya matone. "Hii itamsaidia kwa muda," alisema. "Bila jua la nje, utampoteza."

Shangazi alimtazama Sajini. "Yaani nimzike mara ya pili," akasema.

Kesho yake alijifunga kitambaa kichwani, akabeba kizimba hadi uani penye kamba za nguo, akakifunika nusu ili ndege apate kivuli akikitaka. Wanawake waliokuwa wakifua walimsalimu kwa sauti ya chini, naye akaitikia bila kuinua macho. Tuliendelea hivyo kila asubuhi, mpaka Sajini akaanza kushika kijiti. Siku moja, jua likimwangaza mgongoni, aliita: "Nekesa, fungua." Wanawake wote wakageuka. Jirani yetu Mama Otieno aliacha nguo ndani ya karai, akajifuta mikono, machozi yakimlenga. "Ni yeye kabisa," alisema, akavuta kigoda, akaketi kando ya Shangazi. Walianza kumzungumzia marehemu, alivyopenda chai kali na alivyokuwa hajui kuimba, na kwa mara ya kwanza likizo ile nikamsikia Shangazi akicheka. Nilipokuwa nikirudi shule, alikuwa akikaanga maandazi pale pale uani.

Sajini aliishi miaka mingi, ingawa mguu mmoja haukupata nguvu tena. Siku hizi ua ule umezingirwa na maghorofa, na jua huuonja kidogo tu saa sita. Nasikia kuna taa maalumu za kuwapa ndege wa ndani miale wanayoihitaji, nami nafurahi kwa ajili yao. Binti yangu aliwahi kuniuliza kama tungenunua taa hiyo wakati ule. Nilimwambia tungeinunua, na Sajini angepona. Ila Shangazi angebaki ndani.